Mkaa, Kigae na Mfupa wa Kuku: Umri wa Pango la Kuumbi

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu mifupa ya kuku, na swali la lini hasa kuku alifika pwani ya Afrika Mashariki. Mahali penyewe ni Pango la Kuumbi, kusini-mashariki mwa Unguja, karibu na kijiji cha Jambiani. Ni pango la mawe ya matumbawe, na wenyeji wameliheshimu tangu zamani kama mahali pa mizimu.

Mwaka 2005 wanaakiolojia watatu walichimba humo: Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Paul Sinclair wa Uppsala, Sweden, na Abdurahman Juma wa Zanzibar. Chini kabisa walikuta vijembe vidogo vya mawe pamoja na mifupa ya wanyama ambao Unguja ya leo haiwajui, punda milia na nyati miongoni mwao. Hilo lina maelezo yake. Enzi ya barafu maji mengi ya dunia yalikuwa yameganda huko kaskazini na kusini, na bahari ilikuwa imeshuka zaidi ya mita 100 kuliko ilivyo sasa. Mkondo unaoitenga Unguja na Bara si wa kina kirefu, kwa hiyo ulikuwa nchi kavu. Mtu angeweza kutoka upande wa Bagamoyo akatembea kwa miguu hadi Kuumbi, na punda milia vivyo hivyo. Pemba ni habari nyingine, maana mkondo wake una kina cha mamia ya mita na haukukauka wakati huo. Timu zilizochimba Kuumbi baadaye zimekubali kwamba watu walikuwa wakiishi humo yapata miaka 20,000 iliyopita. Hakuna kisiwa kingine cha Afrika Mashariki chenye kumbukumbu ndefu kiasi hicho ya watu na wanyama.

Mzozo ulikuja kwenye matabaka ya juu yake. Profesa Chami alieleza kwamba humo mna vyungu vya kale sana na mifupa ya kuku, na kwamba kuku hao wanarudi nyuma hadi karibu mwaka 3000 kabla ya Kristo. Tafakarini uzito wa maneno hayo. Kuku si ndege wa asili ya Afrika. Babu zake ni ndege wa msituni wa kusini-mashariki mwa Asia. Kama kulikuwa na kuku Unguja miaka 5,000 iliyopita, basi kuna watu waliovuka Bahari ya Hindi na matenga ya kuku kabla hata ya piramidi ya kwanza kujengwa Misri, na historia yote ya pwani hii itabidi iandikwe upya. Wengine walisema hapana, kuku alikuja baadaye sana, baada ya katikati ya milenia ya kwanza ya Kristo, pamoja na majahazi ya pepo za msimu. Kati ya jibu moja na jingine kuna zaidi ya miaka 3,000. Wataalamu wazima, wenye maabara na mashine, watatofautianaje kwa miaka 3,000 juu ya mfupa wa kuku?

Jibu liko katika namna tarehe inavyopatikana, na naomba subira yenu kidogo, kwa sababu jambo hili linaelezwa juu juu mno katika vitabu vyetu vya shule.

Tuanze na mkaa. Juu sana angani, mionzi itokayo nje ya dunia hii hugonga hewa na kugeuza sehemu ndogo ya naitrojeni kuwa kaboni ya aina ya pekee, iitwayo kaboni 14. Ni adimu mno: katika atomi trilioni moja za kaboni iliyomo hewani, kaboni 14 ni kama atomi moja tu. Mmea huivuta pamoja na hewa ukaa, mbuzi hula majani, mtu humla mbuzi, na kila chenye uhai kinapata fungu lake. Siku mti unapokatwa au mnyama anapokufa, hakuna tena kaboni mpya inayoingia. Iliyomo inapungua kwa mwendo ambao jua haliuharakishi wala mvua haiuchelewishi. Miaka 5,730 ikipita, imebaki nusu. Ikipita mingine 5,730, imebaki robo. Ukifika miaka 50,000 hivi, kilichosalia hakifiki hata asilimia moja, na hapo kipimo kinagota.

Aliyegundua namna ya kuitumia hesabu hii ni mkemia Willard Libby wa Chuo Kikuu cha Chicago, mwishoni mwa miaka ya 1940, na mwaka 1960 alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Miongoni mwa vitu vya kwanza alivyovipima ili kuona kama hesabu inakubali palikuwa na kipande cha mti wa mgunga kutoka kaburi la Farao Djoser kule Saqqara. Mti wa Afrika, ambao umri wake ulikuwa umeshajulikana kwa orodha za wafalme, ndio uliosaidia kuonyesha kwamba kipimo kinasema kweli.

Zamani hizo ilibidi uchome kiasi kikubwa cha mkaa ili upate jibu moja. Mchimbaji alikuwa anakusanya vipande vya hapa na pale ndani ya tabaka, anavitia katika mfuko mmoja, na vyote vinachanganywa. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 zimekuwapo mashine zinazohesabu atomi zenyewe moja moja, na leo punje moja ya mtama iliyoungua inatosha. Badiliko hili, wasikilizaji, ni kubwa kuliko linavyosikika. Lilimwezesha mtafiti kuacha kuuliza umri wa tabaka kwa jumla na kuanza kuuliza umri wa kitu kimoja anachokijua kwa jina.

Sasa barua ikirudi kutoka maabara haisemi "mwaka 700." Inasema, kwa mfano, 1350, kisha alama ya kujumlisha na kutoa, kisha 30. Maana yake ni miaka 1,350 ya kaboni kabla ya mwaka 1950, na nafasi ya kukosea ya miaka 30 kila upande. Mwaka 1950 umewekwa kuwa ndio "sasa" ya dunia nzima ya wapimaji, na umefaa, kwa sababu muda si mrefu baadaye mabomu ya nyuklia yaliyojaribiwa angani yalikaribia kuongeza kaboni 14 mara mbili na kuivuruga hewa yote. Lakini miaka ya kaboni si miaka ya kalenda. Kiasi cha kaboni 14 hewani hakikuwa sawa nyakati zote, kwa hiyo wataalamu wamepima pete za miti, mwaka baada ya mwaka kurudi nyuma maelfu ya miaka, na kuchora mstari wa kusahihishia. Ukiupitisha mfano wetu kwenye mstari huo, unapata kipindi cha kuanzia katikati ya karne ya 7 hadi karibu mwisho wa karne ya 8. Ni kipindi. Anayekuambia mwaka kamili kwa kaboni peke yake anakupa zaidi ya alichopewa na maabara.

Sisi wa ukanda wa ikweta tuna tatizo letu pia hapo. Kuna mstari wa hewa ya kaskazini mwa dunia na mstari wa hewa ya kusini, na haiko sawa kabisa. Unguja iko nyuzi sita kusini mwa ikweta, lakini kaskazi ikivuma inatuletea hewa ya kaskazini, na kusi ikivuma hewa ya kusini. Kwa hiyo mtafiti wa pwani hana budi aamue atumie mstari upi, au achanganye yote miwili, na aseme wazi amefanya nini.

Hayo yote, hata hivyo, ni madogo mbele ya tatizo ninalotaka mlishike leo. Mashine inapima kitu kilichokufa. Inakwambia mti huu ulikatwa lini, au kwa usahihi zaidi, kipande hiki cha mti kiliota lini. Haikwambii chochote kuhusu kigae kilichokuwa karibu nacho, wala mfupa uliokuwa karibu nacho. Kuviunganisha ni kazi ya mchimbaji, na daraja analolitumia ni tabaka la udongo: vilikuwa pamoja, basi ni vya wakati mmoja. Daraja hilo likiwa bovu, mashine bora ya dunia haitakuokoa.

Na katika nchi za joto daraja hilo hubomoka kwa urahisi mno. Mchwa hupandisha udongo wa chini na kuzika vitu vya juu. Panya buku huchimba mashimo yanayokata matabaka matatu manne. Pwani kuna kaa. Mizizi ya mibuyu na mivumo inapita popote. Watu nao huchimba: shimo la nguzo, shimo la taka, kaburi. Mfupa wa kuku ni mdogo na mwepesi, na unaweza kushuka nusu mita bila kuacha alama ambayo jicho litaiona katika vumbi la pango. Ukiukuta ubavuni mwa mkaa wa miaka 5,000, umejua umri wa mkaa.

Mkaa wenyewe nao unaweza kupotosha. Mti mkubwa unapochomwa, moyo wake ulikwisha kufa karne nyingi kabla ya gamba lake, hivyo moto uliowashwa leo kwa gogo la zamani unaonekana mzee. Samakigamba wa baharini hula kaboni iliyokaa muda mrefu majini, na huonekana wazee kwa takriban miaka 400 kuliko walivyo. Konokono wa nchi kavu wanaoishi juu ya mawe ya chokaa, kama walivyo wa Unguja, hujenga kome zao kwa sehemu kutokana na chokaa ya mwamba, ambayo kaboni 14 yake ilikwisha kabisa zamani za zamani. Pango la matumbawe ni mahali pagumu sana pa kutafutia ukweli wa tarehe. Nalisema hili kwa heshima kwa kila aliyewahi kupiga magoti humo na mwiko wa kuchimbia.

Ndipo kigae kinapokuja. Kwa miaka mingi, kabla ya Libby, vigae ndivyo vilivyokuwa saa kuu. Flinders Petrie alipoyapanga makaburi ya Misri ya kabla ya Mafarao kwa kufuata tu jinsi maumbo ya vyungu yalivyokuwa yakibadilika, alipata mfululizo wa nani kabla ya nani bila kuwa na mwaka hata mmoja mkononi. Kanuni yake ni ile tunayoitumia sote tunapofungua albamu ya picha za harusi za ukoo. Suruali ya bugaluu, viatu vya raizoni, nywele za afro: hata kama nyuma ya picha hapakuandikwa kitu, unajua hii ni ya miaka ya sabini, na ile ya shangazi mwenye gauni la mabega mapana imefuata. Mitindo hupanda na kushuka, na inakwenda pamoja.

Tukiokota kigae cha pwani yetu, tutazame nini? Kwanza mdomo wa chungu. Ufinyanzi uitwao wa Kwale, ambao Robert Soper aliuchimba kule Kwale, Kenya, na kuuandika mwaka 1967, una mabakuli na vyungu ambavyo ukingo wake umekatwa kwa pembe kama mbao iliyopigwa randa, na mara nyingi una mifereji inayozunguka. Huo ni wa karne za kwanza baada ya Kristo. Kule Ziwa Victoria kuna ndugu yake mkubwa, ufinyanzi wa Urewe, unaotambulika kwa kidimbwi kidogo ambacho mfinyanzi alikibonyeza kwa kidole katikati ya kitako cha chungu. Kisha kuanzia karne ya 7 hivi hadi ya 10, kutoka Lamu kushuka kusini, inatawala mitungi yenye shingo, na shingoni mna pembetatu zilizokwaruzwa kabla udongo haujakauka, ndani yake mistari ya kulalia upande. Ufinyanzi huo Chami aliuita kwa jina la pembetatu hizo, mwanaakiolojia Mark Horton akauita kwa jina la Mto Tana. Wameutafsiri kwa njia tofauti, ila kigae ni kile kile, na ukikishika unaona mahali ambapo mkono wa mfinyanzi uliinua kijiti mwisho wa kila mstari na kuacha kinundu cha udongo. Mwanamke mmoja, siku moja, miaka 1,200 iliyopita. Binafsi sijui ushahidi mwingine wa kale unaomleta mtu karibu hivyo.

Lakini vigae vina udhaifu wao. Vinasema kabla na baada, havisemi mwaka. Mwaka vinauazima kwa mkaa. Na mkaa ukikosea, kosa linarithiwa. Mtafiti wa pili akikuta kigae cha aina hiyo mahali pengine anakipa tarehe ya mtafiti wa kwanza, wa tatu anamnukuu wa pili, na baada ya miaka ishirini tarehe moja tu imejaa ramani nzima ikionekana kama tarehe kumi zinazokubaliana.

Mfano mzuri ni Katuruka, Kagera. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 mwanaakiolojia Peter Schmidt alifanya kazi miongoni mwa Wahaya, na jambo alilolifanya ambalo wengi hawakulifanya ni kuwasikiliza wazee. Masimulizi yao ya Mfalme Rugomora Mahe na uhunzi wa chuma yalimfikisha kwenye mti wa matambiko uitwao Kaiija, na chini ya mti huo uchimbaji ukafunua shimo la kazi ya chuma pamoja na ufinyanzi wa Urewe. Mkaa ulitoa tarehe za katikati ya milenia ya kwanza kabla ya Kristo. Chuma cha Kagera kikawa miongoni mwa vya kale kabisa kusini mwa Sahara, na masimulizi ya wazee yakawa yameelekeza mahali sahihi baada ya zaidi ya miaka 2,000. Mimi naliona hilo kuwa moja ya mambo makubwa katika akiolojia ya Tanzania.

Sasa, kati ya mwaka 800 na 400 hivi kabla ya Kristo, ule mstari wa kusahihishia unalala bapa. Mkaa wa mwaka 750 na mkaa wa mwaka 450 hutoa karibu kipimo kile kile. Ukiongeza uwezekano wa magogo ya zamani, ambayo wahunzi huyapenda kwa sababu yana moto mkali, unaelewa kwa nini mwaka 1987 Bernard Clist alitaka tarehe za mwanzo za Urewe zipitiwe upya moja baada ya nyingine. Mjadala huo hauondoi umuhimu wa Katuruka. Unachodai ni kwamba "miaka 2,600" isisemwe kana kwamba ilikuwa imechongwa kwenye jiwe.

Turudi Kuumbi. Timu ya mradi wa Sealinks, ulioongozwa na Nicole Boivin, ilichimba tena pango hilo, na matokeo yakachapishwa mwaka 2016. Walikuta wawindaji wa enzi ya barafu, wakakuta pengo refu lisilo na watu baada ya Unguja kuwa kisiwa, kisha wakakuta watu wa milenia ya kwanza na ya pili baada ya Kristo, wenye vyungu. Kuku wa miaka 5,000 hawakumwona.

Hilo peke yake lisingetosha, maana shimo la pili si shimo la kwanza, na Chami angeweza kusema mlichimba pengine. Kilichofuata ndicho kilichonivutia. Mary Prendergast na wenzake walichukua mifupa kutoka maeneo 22 ya Afrika Mashariki, wakaacha kuuliza mfupa ulilala karibu na mkaa gani, wakauuliza mfupa wenyewe maswali mawili. Swali la kwanza: wewe ni kuku kweli? Kwa maana mfupa wa kuku uliovunjika unafanana mno na wa kanga au wa kwale, ambao ni ndege wa hapa hapa, na jicho la mtaalamu linaweza kudanganyika. Walitafuta jibu katika vinasaba na katika kolajeni, ile protini inayoshika mfupa, ambayo hutofautiana kidogo kutoka mnyama hadi mnyama. Swali la pili: ulikufa lini? Hapo walipima kaboni 14 ya mfupa wenyewe, bila mkaa wa kuazima.

Kazi hiyo katika joto letu si rahisi. Joto huila kolajeni na vinasaba, na mifupa mingi ya pwani imebaki ganda la madini lisilo na cha kupima. Iliyojibu, ilijibu mamoja: kuku, na panya mweusi wa majumbani ambaye naye alitoka Asia ndani ya vyombo, waliingia kuanzia katikati ya milenia ya kwanza baada ya Kristo. Makala ilitoka mwaka 2017. Ni enzi zile zile za mitungi yenye pembetatu, enzi ambapo Unguja Ukuu ilikuwa bandari inayopokea bidhaa za Ghuba. Panya hakuletwa na mtu kwa hiari, na kwa sababu hiyo namwamini kuwa shahidi mzuri wa vyombo vya kuvuka bahari.

Mbinu hiyo hiyo ya kupima kitu chenyewe iliwahi kufanywa kwa nafaka. Alison Crowther na wenzake, mwaka 2016, walikusanya mbegu zilizoungua kutoka maeneo 18 ya pwani, visiwa na Madagaska, na kuzipima zenyewe. Huku kwetu waliokota hasa mtama, uwele na mbegu nyingine za Afrika. Komoro walikuta mchele na choroko kwa wingi. Na ajabu ni kwamba vigae vya Komoro vya wakati ule vinafanana na vya pwani yetu! Aliyetazama vyungu peke yake angesema ni watu wa Afrika tu. Aliyetazama mbegu peke yake angesema ni watu wa Asia tu. Watu wa Komoro ya karne ya 8 hadi ya 10 walipikia chakula cha Asia katika vyungu vya namna ya Afrika, na bila mashahidi wote wawili tusingewajua.

Huenda msikilizaji unajiuliza kwa nini haya yanishughulishe hivi. Ni kwa sababu kwa muda mrefu watu wengine walituambia miji ya pwani ilianzishwa na wageni. James Kirkman aliyechimba Gedi na Neville Chittick aliyechimba Kilwa na Manda walikuwa wachimbaji hodari, lakini macho yao yalivutwa na vyombo vya vigae vyenye rangi vya Uajemi na China, na vyungu vya kupikia, ambavyo ndivyo vilivyokuwa vingi kupita kiasi, vilikaa pembeni. Horton alipochimba Shanga, kisiwani Pate, katika miaka ya 1980, alivihesabu vyote. Mji ulianza katikati ya karne ya 8, misikiti yake ya kwanza ilikuwa midogo ya miti na udongo, na vyungu vya jikoni vilikuwa vya mkono wa hapa. Chami naye alipochimba Limbo na sehemu nyingine za pwani ya Tanzania alionyesha jinsi ufinyanzi wa Kwale unavyotangulia ule wa pembetatu, bila haja ya kudhani watu wapya kutoka ng'ambo. Katika hilo Chami alikuwa mbele ya wengi, na kosa la tarehe ya kuku, kama ni kosa, halimpunguzii heshima hiyo. Waliompinga juu ya Kuumbi wanatumia kila siku majedwali ya vigae ambayo yeye alisaidia kuyajenga.

Kuna jambo moja jipya ambalo nataka mlijue kabla hatujaagana. Chungu cha udongo usiopakwa rangi ya kioo hunyonya mafuta ya kinachopikwa ndani yake. Nyama, maziwa, samaki: mafuta yake huingia kwenye vinyweleo vya udongo na kujificha humo. Mwaka 2020 maabara ya Richard Evershed, Chuo Kikuu cha Bristol, ilionyesha kwamba mafuta hayo yanaweza kutolewa, kusafishwa, na kaboni 14 yake kupimwa. Kwa njia hiyo kigae kinaweza kutoa umri wake chenyewe bila kuegemea mkaa wa jirani. Waliijaribu kwa vyungu ambavyo tarehe zake zilikuwa tayari zinajulikana, na hesabu ikakubali.

Kwetu itategemea mafuta hayo yamestahimili kiasi gani katika joto na unyevu, na hapo hakuna njia ila kujaribu kigae kwa kigae. Vigae vipo. Vimo katika masanduku ya makumbusho na vyuo vya Dar es Salaam, Zanzibar na Nairobi, vingi vikiwa na masizi ya moto wa mwisho bado nje na pengine mafuta ya chakula cha mwisho bado ndani. Kinachotakiwa ni fedha za kuvipima, vijana waliosomea kemia na akiolojia kwa pamoja, na maabara ambayo si lazima iwe ya Oxford. Kama kuna vyungu vya Kuumbi vya miaka 5,000, vipimwe mafuta yake. Kama kuna mfupa wa kuku wa miaka 5,000, uletwe wenye kolajeni, upimwe wenyewe, na barua ya maabara isomwe hadharani, mbele ya waliosema ndiyo na waliosema hapana.